Kaiti, Tanga na Mtungi wa Maji

Kaiti ni tiara kubwa ya poliesta inayomvuta mtu juu ya maji, naye kasimama kwenye ubao. Maadui wake wakubwa ni chumvi, jua, mchanga na joto la kufungiwa, na wote hao hukutana Feri, upande wa kisiwani Mombasa, saa saba za mchana mwezi wa Januari. Kaskazi inavuma, na foleni ya magari ya kwenda Likoni haisogei. Dereva angeweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu, hakuzungukia. Juu ya keria ya gari lake umefungwa mfuko wa kaiti iliyochezewa Nyali jana jioni, ikakunjwa na maji yake, na leo inapelekwa Diani. Kando, chini ya mbuyu, pamesimama mkokoteni wa mitungi ya maji ya lita 20, umefunikwa kipande cha tanga kuukuu la jahazi.

KAITI: Jambo!

Hakuna aliyeitika. Salamu hiyo, hapo Feri, wameachiwa watalii.

KAITI: Shikamoo, mzee.

TANGA: Marahaba, mwanangu. Mbona wanuka uvundo, na sura yako ya kitajiri?

KAITI: Ni usiku mmoja tu wa kulala na maji, mzee. Mimi ni wa ukoo. Kaiti ya kujazwa upepo ilibuniwa Ufaransa na ndugu wawili, Bruno na Dominique Legaignoux, na hataza yake ikaombwa mwaka 1984.

TANGA: Hongera. Ukoo wangu ni merikani, pamba iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts, karne ya 19. Na kabla ya merikani mtepe ulivutwa na tanga la mkeka, lisilo na hataza, na safari ilifika. Sote ni wa kuja hapa. Tuzungumze huo uvundo.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki kwenye mishono kama chembe ngumu zinazokwaruza nyuzi kila kitambaa kinapokunjwa. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani, ndiyo maana kaiti isiyosuuzwa haikauki sawasawa hata ikianikwa kutwa, na ukungu huipenda. Dawa yake ni moja: maji matamu.

MTUNGI: Ya kiasi gani?

KAITI: Mimi, kamba, usukani, mkanda wa kiunoni na ubao? Mitungi mitatu. Mkiwa na huruma, minne.

MTUNGI: Mimi nimeagizwa na mama mmoja wa Likoni tangu alfajiri. Nitapika, nitaosha vyombo, nitaogesha watoto, na kitakachobaki kitamwagwa chooni. Wewe wataka minne kwa sababu umecheza.

KAITI: Basi nipewe ya kisima. Mji wa Kale si una visima?

MTUNGI: Unavyo, na vingi maji yake yana chumvi. Utasuuza chumvi kwa chumvi. Bomba la Mzima linaleta maji Mombasa tangu 1957, na mji umekua kuliko bomba. Ungekuwa wa hapa ungejua siku zako za zamu.

Penye uhaba, maji hugawiwa kwa cheo cha hatari. Wa kwanza kuoga ni usukani, hasa kiachio cha dharura, kile kifaa ambacho mchezaji hukisukuma ili kujitenga na kaiti iliyomshinda. Chembe moja ya mchanga ikikikwamisha, mtu huburutwa hadi kwenye mwamba. Husuuzwa ndani ya beseni huku kikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Mafuta hayatiwi, kwa kuwa hunasa mchanga na kuugeuza msasa. Maji yaleyale, yakiwa bado masafi, huosha roda na kamba, kisha ubao. Kitambaa chenyewe kinaweza kungoja: hupukutwa mchanga na kupanguswa mishono kwa tambara bichi, mpaka siku mvua itakapofanya kazi ya bure.

KAITI: Mimi ndimi mwenye bei, nami niwe wa mwisho?

TANGA: Ndivyo ilivyo jahazini pia. Tanga likichanika, mtu huchelewa. Kamba ya kutwekea tanga ikikatika, mtu hufa.

Baada ya kusuuzwa, kaiti huanikwa kivulini. Jua la pwani hudhoofisha poliesta polepole bila kuonyesha tundu lolote, na kaiti iliyoachwa ufuoni ikipepea kwa saa nzima huchakaa kuliko iliyokuwa angani saa hiyo hiyo. Walaji wa hasara hiyo mara nyingi ni wanunuzi wa mitumba ya mwisho wa msimu.

KAITI: Mimi nimerushwa mara kumi tu. Ndivyo atakavyosema mwenyewe akiniuza.

TANGA: Hebu lete pindo. (Akalisugua.) Kitambaa kipya hulia kama noti iliyotoka benki. Wewe mwororo kama leso ya arusi ya nyanya yangu. Mara kumi, ati!

Kukaa ndani ya gari lililofungwa, au juu ya keria penye jua, ni adhabu ya aina nyingine. Ukingo wa mbele wa kaiti hushikwa umbo lake na tyubu ndefu ya plastiki laini, na valvu zake zimegandishwa kwa gundi au kwa joto. Kilichogandishwa kwa joto, joto laweza kukigandua. Foleni ya Feri, kwa maana hiyo, ni tanuri lisilo na mlango.

Hapo kitu ndani ya mfuko kilifanya *pwaa*.

MTUNGI: Nini hicho?

KAITI: Valvu. Imebanduka.

TANGA: Usilie. Fundi wa baiskeli yuko ng'ambo.

Na kweli kazi ya kuziba tyubu ya kaiti haitofautiani sana na ya fundi wa baiskeli. Tyubu huchomolewa, hujazwa upepo kidogo na kuzamishwa kwenye beseni la maji ya sabuni. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Mahali hapo hukaushwa, hupanguswa spiriti, kisha kiraka hubandikwa na kukandamizwa. Fundi wa baiskeli hushindwa mambo mawili tu. Gundi yake ni ya mpira, wala haishiki vizuri plastiki hiyo, kwa hiyo kiraka na gundi viwe vya kaiti. Tena hana mazoea ya kurudisha tyubu ya mita kadhaa bila kuipotosha, na iliyopotoka hupasuka ikijazwa. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kaiti yenyewe, aghalabu kati ya 6 na 8 kwa kipimo cha psi, na vijana wenye nguvu za kujionyesha hukipita.

Kamba nazo zilikuwa na kesi. Kaiti nyingi zina kamba nne, za mita 20 na zaidi, za uzi wa Dyneema, mwembamba kuliko ule wa kushonea gunia na wenye nguvu ya kuinua mtu mzima.

KAMBA ZA MBELE: Sisi ndio tunaobeba mzigo. Tumerefuka kwa kazi.

KAMBA ZA NYUMA: Sisi ndio tunaoongoza. Tumebaki vilevile.

TANGA: Kuli na karani. Ndiyo maana mtoto huyu huanguka kinyumenyume.

Zikiachana kwa vidole vichache tu, kaiti hulegea na kurudi nyuma hewani, na mchezaji huulaumu upepo. Ncha zote nne hutungikwa kwenye msumari mmoja, usukani ukavutwa kwa nguvu sawa, na tofauti ikaondolewa kwa kuhamisha fundo kwenye vikamba vya kuunganishia. Fundo lililojifunga katikati ya uzi wenyewe ni jambo jingine: laweza kupunguza nguvu yake kwa nusu, hivyo hufunguliwa siku hiyo hiyo, kwa mwiba au sindano, kabla halijakazwa na mvuto mwingine.

Skurubu za mapezi ya ubao zilitaka kusema, lakini zilikuwa zimeshika kutu. Hulegezwa, husuuzwa, hurudishwa. Basi.

Kaskazi ikiisha mwezi wa Machi au Aprili, huingia maleleji, na vifaa hulala vikingoja Kusi.

TANGA: Wakati huo nahodha hakulala. Jahazi hupwelewa, likapakwa deheni ya shahamu na chokaa, nasi matanga tukaanikwa. Pamba ikifungwa mbichi huoza.

KAITI: Mimi siozi.

TANGA: Waota madoa, nakushi yako yabanduka, na panya hajui tofauti ya pamba na poliesta.

Kaiti huwekwa ikiwa imekauka kabisa, imekunjwa kwa ulegevu bila kufuata mikunjo ya zamani, mahali pasipo jua wala bati la moto juu yake. Huning'inizwa, panya asiifikie, na hufunguliwa kila baada ya wiki chache ipate hewa. Kamba hukaa zimeviringwa kwenye usukani, mbali na petroli na betri.

MTUNGI: Yote hayo mwenyewe anayajua?

KAITI: Ameyasoma. Kitabu chake kimo humu mfukoni. Kimelowa.

Mlango wa feri ukateremshwa, magari ya mbele yakaanza kusogea. Gari lenye kaiti halikusogea. Boneti lilikuwa likitoa mvuke. Dereva akashuka, akapatana bei na mwenye mkokoteni, akaufungua Mtungi na kuumimina wote kwenye rejeta.