Mjapani Kapanda, Barua Yake Imebaki Getini

Wajapani wengi huonja Kilimanjaro kabla ya kuuona. Kanuni za wauza kahawa wa huko zinaruhusu arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, iitwe kwa jina la mlima. Hivyo kahawa ya Mbozi imeshafika kileleni bila kulipa kiingilio cha hifadhi.

Tabu huanza pale mnywaji anapotaka kupanda mwenyewe, akamwandikia wakala wa safari wa Moshi mjini kwa Kijapani. Kompyuta ya ofisi ni ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014.  Barua ikifunguliwa, skrini yajaa vijisanduku na alama za kuuliza.

Dawa ipo. Katika mipangilio ya lugha unatia tiki sehemu ya lugha za Asia Mashariki, nayo hudai takriban megabaiti 230 za diski na sidii halisi ya Windows. Sidii halisi! Fundi akisikia hivyo hutazama dari.

Hata ikipatikana, barua za Kijapani za zamani zina madhehebu yake: ISO-2022-JP safarini, Shift_JIS kwenye Windows, EUC-JP kwenye Unix. Programu ikibahatisha vibaya, salamu ya heshima hutokea kama nenosiri la benki.

Wakala hahangaiki sana. Anajibu kwa Kiingereza kwamba nafasi zipo njia ya Machame, kisha anataja bei. Alama ya dola, kwa bahati, husomeka kote kote.