Ngeli za Antena Isiyotoboa

Wanasarufi huitambua ngeli ya mahali kwa viambishi vitatu: PA, KU na MU. Walichosahau kutuambia ni kwamba vitatu hivyo vinatosha kuainisha kila antena ya redio inayofungwa kwenye gari la kale bila kekee kugusa bodi.

PA ni mahali dhahiri. Paani pana antena ya sumaku, imesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Kwa FM, urefu unaoifaa ni kama sentimita 75, yaani robo ya wimbi la megahazi 100, na bati lililo chini yake hufanya nusu ya kazi. Antena hii inapatana vizuri na Peugeot 404. Na Land Rover 109 haipatani hata kidogo. Nilimwona fundi akiiweka kwenye paa la 109. Ikateleza taratibu, ikadondokea boneti. Akaipangusa kwa tambara, akajaribu tena, kisha akailaumu sumaku. Masikini, haikuwa na kosa. Land Rover ilipozaliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma lakini alumini ilipatikana, na sumaku haiijui alumini.

KU ni mahali pasipo dhahiri. "Antena iko wapi?" "Iko huko huko, pembeni." Huku nimeweka vibano: cha mfereji wa mvua juu ya mlango na cha ukingo wa boneti. Kibano hushikiliwa na skrubu ndogo zinazouma rangi kwa upande wa ndani ili zipate arthi. Je, kuuma si kutoboa? Wahafidhina hununa. Mimi nasema mkwaruzo usioonekana, ukipakwa grisi usishike kutu, si tundu.

MU ni ndani. Waya uliofichwa nyuma ya dashibodi ya bati umezingirwa na chuma, kwa hiyo garini mna antena ila hamna redio. Afadhali ile ya kubandika kiooni yenye kikuza mawimbi, ingawa nayo hudai volti 12 na hasi kwenye bodi. Beetle za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zina volti 6, na magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo yana chanya kwenye bodi. Ukikosea upatanisho huo, harufu hutangulia sauti.

Umebaki waya wa henga, uliochomekwa nyuma ya redio na kutokezwa dirishani. Huo uko PA, KU na MU kwa pamoja, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku huinasa barabara.