Shangazi Kazuiwa Kutoa Hela

Siku hizi ukitaka kumchangia mgonjwa hapa Dar es Salaam, sharti kwanza ukalie kiti kigumu usikilize gitaa. Zamani jamaa alipita na daftari, ukaandika jina na kiasi, ukaendelea na kahawa yako. Sasa kuna kadi, kuna bango, kuna "usiku wa faragha na watunzi", na kuna tiketi ya shilingi 50,000 ambayo haina hata soda ndani yake.

Sina ugomvi na sababu yenyewe. Ilikuwa ni selimundu, na anayeujua ugonjwa huo hahitaji kubembelezwa. Watoto wanaozaliwa nao nchini wanakadiriwa kufika 11,000 kila mwaka, na Tanzania imo miongoni mwa nchi zilizoelemewa zaidi duniani. Mtaani kwetu ni nadra ukoo usio na mtoto aliyelia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa huku watu wakimsingizia bibi yake uchawi. Ugomvi wangu ni na hiyo faragha.

Faragha yenyewe ilikuwa hivi. Ukumbi mdogo, taa zimefifishwa mpaka nikaombwa bili na mtu aliyedhani mimi ni mhudumu. Mezani mishumaa, katika mji ambao wengine wetu tunawasha mishumaa kwa sababu tofauti kabisa. Viti ni vilevile vya plastiki tunavyovijua harusini, ila usiku huo vilivalishwa shela.

Kisha wakaingia watunzi, kila mmoja na gitaa lake, stuli yake na hadithi yake. Mtunzi wa siku hizi haimbi mpaka akueleze wimbo ulivyozaliwa: alikuwa wapi, mvua ilikuwa ikinyesha namna gani, na nani alimwacha. Wimbo dakika tatu, maelezo dakika kumi. Na wote wameachwa! Ilifika mahali nikaona heri mchango ule tumpe mshenga.

Maelezo yakiisha, zinakazwa nyuzi. Kijana mmoja alikaza, akalegeza, akakaza tena, alipotulia watu wakampigia makofi. Msiwacheke. Tarehe 1 Agosti 1971, New York, katika tamasha la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh, Ravi Shankar na wenzake walikuwa wanalinganisha tu sauti za ala zao, watu wa Madison Square Garden wakashangilia. Mzee akawaambia kwa upole kwamba kama hayo yamewafurahisha, basi anatumaini muziki wenyewe utawafurahisha zaidi. Angalau yeye alipoanza kupiga, alipiga. Uzi wa tatu wa kijana wetu haukukubali mpaka tunaondoka.

Haya yote ningeyavumilia kama si habari ya shangazi yangu.

Shangazi ni mtu wa Tanga, kakulia kwenye taarabu, na kwake muziki una taratibu zake. Mwimbaji akigusa jambo lako, unainuka. Unakwenda polepole, kwa mwendo wa kuonwa, noti umeinyoosha juu. Unamtunza, unamtupia jicho yule ambaye ubeti unamhusu, unarudi kukaa. Shauri lako limesikilizwa na hukumu imetoka bila kwenda baraza la kata, na mwimbaji kapata chake.

Basi dada mmoja akaimba wimbo wa jirani mnafiki. Shangazi ana jirani. Akainuka na noti ya elfu kumi, akaishika njia ya katikati, kanga imekaa sawasawa. Hakufika. Kijana mwenye fulana nyeusi alimkinga njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Tunaomba ukae, mama. Unavunja utulivu."

"Natoa hela, baba. Si mmetuita tuje kutoa hela?"

"Kuna boksi mlangoni, mama. Wakati wa kutoka."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyealikwa chakula kisha akaambiwa sahani yake iko getini. Akarudi, akaifunga noti kwenye pindo la kanga. Na noti ikishaingia kwenye pindo la shangazi, haifunguki mpaka Idi.

Wakati wa kutoka! Nani anatoa hela wakati wa kutoka? Wakati wa kutoka mtu anawaza bajaji, anawaza geti la nyumbani limefungwa, anatafuta kiatu alichokivua chini ya meza. Boksi lile nililipita mwenyewe likiwa limekaa pembeni, limetulia kuliko ukumbi wote.

Na huko huko mwishoni ndiko walikomtupa daktari. Alipewa dakika tano, viti vimeanza kulia. Ajabu ni kwamba ndiye pekee aliyeingia moja kwa moja kwenye jambo. Selimundu haiambukizwi, alisema, inarithiwa kwa baba na mama wote wawili. Wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja kabeba vinasaba vyake kimyakimya, na katika kila ujauzito kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Seli nyekundu za damu zinajipinda umbo la mundu, zinaziba mishipa midogo, hapo ndipo mtoto anapopiga kelele. Ipo dawa, haidroksiurea, inayopunguza vipindi hivyo vya maumivu, lakini ni ya kunywa kila siku, na kila siku inataka hela. Akamalizia kwa kuwasihi wachumba wapime kabla ya ndoa. Mbele yangu kijana mmoja akauondoa mkono begani kwa mchumba wake, akabaki anaangalia dari.

Hapo ndipo watu walikuwa wameiva kwa kutoa. Ikaoneshwa lipa namba ukutani, tarakimu mbili za mwisho zimeangukia nyuma ya pazia.

Wapenda faragha wataniambia huo ndio ustaarabu wa matamasha ya hisani. Ustaarabu wa wapi? Tarehe 13 Aprili 1742 Handel alipoutoa "Messiah" kwa mara ya kwanza hadharani, jijini Dublin, tamasha lilikuwa la hisani pia. Wanawake waliombwa waje bila zile fremu za kufutua magauni, na wanaume waache panga nyumbani, ili ukumbi umeze watu wengi zaidi. Mapato yakagawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakatoka. Yaani waandaaji wa kule waliwavua watu fremu ili wabanane. Sisi tunawatenganisha kwa mishumaa ili wapumue.

Najua kuna atakayenikumbusha kwamba sadaka njema ni ya siri. Kweli, na mwenye siri yake ana boksi mlangoni. Lakini sisi wengine tunajuana. Mtu anakopa ili atoe laki tano harusini, kwa sababu kamati itasoma jina lake mbele ya wakwe. Mtu huyohuyo mpe giza, ukimya na boksi, atakuachia mia tano na tiketi iliyokunjwa. Dawa ya mtoto haiulizi hela imetolewa kwa unyenyekevu au kwa kumkomesha jirani.

Kwa hiyo wakinialika tena, masharti yangu ni haya. Daktari aanze, watu wakiwa bado wana akili na hela. Kila mtunzi aachwe mara moja tu, wimbo mmoja, hadithi hakuna. Taa ziwashwe. Beseni liwekwe mbele ya jukwaa, shangazi na wenzake wa Tanga wapewe safu ya kwanza, na yule dada arudie wimbo wa jirani mpaka waseme basi. Kijana wa fulana nyeusi apewe kazi ya kuhesabu noti. Akipata nafasi ya kulinda utulivu, ajue mchango haujatosha.