Sifa za Mshikaji Anayejitolea

Pamba ikishapimwa hapa kwetu Ipililo na hela ya chama cha ushirika, AMCOS, ikaingia mkononi, harusi nazo zinafumuka. Kamati inakaa chini ya mwarobaini, mweka hazina anasoma ahadi kwa sauti ya huzuni, kisha linakuja swali: tukodi MC, mpiga picha na mpishi kutoka Bariadi, au tutumie washikaji? Hapo mtu mmoja anasimama nyuma kabisa: "La picha niachieni mimi." Makofi yanapigwa. Mtu huyu Simiyu nzima hajawahi kutungiwa sifa anazostahili, nami nazitoa leo.

Kwanza, hadai advansi. Yule wa mjini, kabla hajafungua begi, anataka nusu ya malipo, nauli na mahali pa kulala, tena anakuja na karatasi mtie sahihi. Mshikaji hana karatasi. Anahitaji tu mafuta ya pikipiki, vocha ya bando, hela kidogo aazime simu yenye kamera nzuri kuliko yake, shati la sare ya kamati, na paja la kuku kabla wageni hawajapakuliwa, maana mtu wa kazi hali mwisho. Ukijumlisha unaweza kufika bei ya Bariadi, lakini kumpigia rafiki hesabu ni roho mbaya.

Tazama sasa kazi yake kwenye harusi yetu moja. Pete inataka kuvishwa. Yeye yuko mbele, mgongo umewaziba wakwe wote, simu ameinyanyua juu. Simu inaita. Anapokea aseme yuko kwenye shughuli, ila aliyepiga ana habari za ng'ombe, na habari za ng'ombe Usukumani hazikatizwi. Ndiyo maana kwenye video yetu bibi harusi ananyoosha kidole, halafu ghafla anakata keki. Hakuna kilichoharibika: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, kamera haikuitaja. Na badala ya pete tumepata viatu vya bwana harusi, shangazi wa mpiga picha akicheza tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na mbuzi mmoja ambaye hadi leo hatujui alialikwa na upande upi.

MC naye alikuwa wa nyumbani. Wa kukodi angefuata ratiba. Huyu alichunga ng'ombe pamoja na bwana harusi, kwa hiyo anawajua mabinti wote aliowahi kuwapenda, na kwa moyo wake mweupe akawataja wawili ili washukuriwe kwa kumtunza kijana wetu. Turubai likacheka upande mmoja tu. Wapo wanaosema alivuruga shughuli. Lakini sisi tuna kipimo cha tangu mababu: makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana ngoma, linaloshinda ni lile lililovuta watazamaji wengi. Basi baba mkwe aliposimama kudai maiki, hata waliokuwa mnadani walikuja mbio. Niambieni MC gani wa Mwanza angejaza uwanja namna ile bila tangazo.

Ya wapishi nisiyarefushe. Ukoko ulikuwa na wali kiasi. Walioshiba ni waliokimbilia michembe ya bibi.

Ila ubora mkuu wa mshikaji ni kwamba hafukuziki. Wa kukodi akiboronga unamnyima salio, mnaachana hapo hapo. Mshikaji utamnyima nini? Tena ukiamka umejaa maneno ya kumwambia, unamkuta uani tangu alfajiri: ameshakunja turubai, anasugua masufuria kwa majivu, viti vya kanisa amevipanga kwenye mkokoteni vikarudishwe, na anauliza kama kuna nyama iliyobaki. Wa kukodi saa hizo yuko kwenye basi. Lawama uliyoiandaa usiku kucha inakosa pa kuiweka, unajikuta unamtafutia nyama.

Msimu huu anaoa yeye. Kamati imeshakaa, nami nimepangiwa upishi. Nimewaambia sijawahi kupika zaidi ya ugali wa watu watatu. "Usijali kaka," akanijibu, "sisi si watu wa kukodishana." Nimekubali. Ila nimemwambia mweka hazina kuna vitu vichache nitahitaji.