Jinsi ya Kushinda Ubishi wa Simba na Yanga Bila Kupandisha Sauti

Ukifika kijiweni, agiza kahawa na umwachie mtani wako aanze. Atasema, "Yanga ndiyo timu kubwa nchi hii." Usiinuke kwenye benchi. Hilo ni dai, na dai peke yake halijamfunga mtu bao. Muulize kwa upole, "Kwa nini?" Akikupa sababu, sasa mna hoja mezani. Akirudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, bado ni dai, ila lina kelele.

Neno la kulishika kuliko yote ni kigezo. Ubishi wa watani wa jadi hauishi kwa sababu kila mmoja anapima ukubwa kwa kipimo chake. Kama ni umri, Yanga ya 1935 imeitangulia Simba ya 1936. Kama ni ubingwa wa ligi, Yanga imeutwaa zaidi ya mara 30, Simba zaidi ya 20. Hapo Mwanamsimbazi, yaani shabiki wa Simba, akubali, tena akubali mapema, maana anayekiri la kweli husikilizwa zaidi zamu yake ya kupinga ikifika. Kama ni Afrika, mezani panageuka: Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa 1974, ikacheza fainali ya Kombe la CAF 1993 na ya Kombe la Shirikisho 2025. Yanga imecheza fainali moja, ya Kombe la Shirikisho 2023. Kwa hiyo kubalianeni kigezo kwanza, ndipo mhesabu.

Ushahidi nao una uzito wake. Huyu atazitaja 6-0 za Simba za 1977, yule atazitaja 5-1 za Yanga za Novemba 2023. Zote ni kweli, na kila moja ni mechi moja. Mechi moja ni mfano tu, haitoshi kupima klabu zenye miaka takriban 90. Anayetaka kujenga hoja kwa matokeo ya watani alete mechi zote, pamoja na zile alizotoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho.

Ukiambiwa, "Wewe umekuja mjini juzi, Simba utaijulia wapi?" ujue umeshambuliwa wewe, hoja yako haijaguswa. Usilipize. Jibu: "Sawa, nimekuja juzi. Je, fainali ya 1993 haikuchezwa?"

Mwisho jiandae kwa pingamizi zito. Mwanajangwani, yaani shabiki wa Yanga, mwenye akili atakwambia kwamba kwenye fainali ya 2023 hawakuzidiwa: walifungwa 2-1 Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers, na wapinzani wao USM Alger wakabeba kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Mpe haki yake, ni hoja nzuri. Kisha mrudishe kwenye kigezo: tunahesabu kufika fainali au kutwaa kombe? Akichagua kutwaa, wote wawili mna sifuri, na kahawa inayofuata mchangiane.