Mfuniko wa Sufuria Juu ya Bati

Mfuniko wa sufuria kubwa ya pilau ulipotea nyumbani kwetu wiki ileile ya kipaimara cha Neema. Mama Neema aliutafuta jikoni, akamwulizia jirani aliyewahi kuuazima Krismasi, akamhoji hata kijana wa maziwa. Mimi nilikuwa sebuleni mbele ya kompyuta, nimetulia kama mtu asiyejua lolote. Mfuniko ulikuwa juu ya bati. Tangu Jumapili iliyopita nilikuwa nimeutoboa katikati kwa drili, nikapitisha waya, na kwa siku nne mfululizo ulikuwa ukinikamatia ndege.

Nijieleze kabla sijahukumiwa. Ndege ya abiria ikiwa angani hujitangaza yenyewe, mara kadhaa kwa sekunde: jina lake, mahali ilipo, imepanda kiasi gani, inakimbiaje. Hutangaza kwenye masafa ya megahezi 1090, na mwenye kipokezi anapokea. Mwaka 2012 hivi wapenzi wa redio waligundua kuwa kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ili utazame televisheni kinaweza kunasa mengi zaidi ya televisheni. Changu kililetwa na basi kutoka Dar es Salaam, na bei niliyomtajia Mama Neema siyo niliyolipa. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 27 na ushee. Robo yake ni kama sentimita saba, na huo ndio waya unaotakiwa. Chini ya waya panatakiwa sahani ya chuma, bapa na pana. Nikatupa jicho jikoni.

Ugonjwa wenyewe niliupata tarehe 18 Februari 2008, Rais George W. Bush alipokuja Arusha. Barabara zilifungwa, tukapangana pembeni kusubiri msafara. Jamaa aliyesimama karibu yangu akaniambia kwamba “Air Force One” si jina la ndege. Ni jina la kuitia redioni, nalo huhamia kwenye ndege yoyote ya jeshi la anga la Marekani ambayo rais wao amepanda. Lilizaliwa baada ya kisa cha mwaka 1953, ndege ya Rais Eisenhower ilipokutana angani na ndege ya abiria, zote mbili zikiitwa 8610. Msafara ulipita, vumbi likatulia, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Mimi nilibaki na wazo moja: kumbe huko juu nako watu wanaitana, na wakifanana majina wanaweza kugongana.

Tunakaa Sakina, hapa Arusha, Mlima Meru uko mgongoni kwetu. Kwa upande wa kusini skrini yangu ilijaa neema: vindege vya uwanja wa Kisongo vinavyopeleka watalii Serengeti na Zanzibar, madege makubwa yanayoshuka uwanja wa Kilimanjaro, KIA, na yale yanayopita juu kabisa bila kutujali. Kaskazini ni mlima. Mawimbi haya hunyooka kama mwanga wa tochi, na Meru una zaidi ya mita 4,500, hauombi radhi. Ndege iliyo chini ikitokea Nairobi inamezwa na mlima, halafu inachomoza upande wa pili kama mtoto aliyezunguka nyumba.

Lakini binadamu haridhiki. Nilizitaka za jeshi. Hizo hujitangaza zikipenda, zisipopenda hunyamaza, na mazungumzo yao aghalabu hupitia masafa ya megahezi 225 hadi 400, mara nyingi yakiwa yamefumbwa usiambulie neno. Alhamisi usiku, nyumba imelala, nikavaa visikizi nikaanza kuzungusha masafa polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Shhh. Kwaaa. Shhh. Saa nane kasoro, sauti ya mwanamume ikaingia, nzito, yenye nidhamu.

“Simba Moja, Simba Moja. Mzigo umeingia?”

Nikavua visikizi kwa kuchanganyikiwa, na kwa kuchanganyikiwa hukohuko nikavichomoa kabisa. Sauti ikajaa nyumba nzima.

“Umeingia nusu. Narudia, nusu.”

“Nusu nyingine iko wapi?”

“Amepita nayo Simba Mbili.”

Mama Neema akatokea mlangoni na kitenge. Nikamnong'oneza kuwa hii ni operesheni, asiwashe taa. Ndipo kutoka chumba cha pili ikaja sauti ya mama mkwe wangu, aliyekuwa amewasili Jumatano kutoka Mwanza kwa ajili ya kipaimara.

“Mkwe, lala. Hao ni walinzi wa lile ghala. Wanagombania maharage.”

Redio yenyewe ikamshuhudia: “Na chapati je?”

“Si vizuri,” mama mkwe akaongeza, “kusikiliza watu wakigawana chakula.”

Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya mwaka 2010 inasema jambo linalokaribiana na hilo, ila kwa ukali zaidi: kunasa mawasiliano ya watu bila idhini ni kosa. Nilikuwa naijua. Lakini sheria iliyo kitabuni na mama mkwe aliye nyuma ya ukuta ni vitu viwili. Usiku ule niliachana na sauti za watu, nikabaki na ndege zinazojitangaza zenyewe.

Ijumaa asubuhi upepo ulikuwa umeulaza waya. Nikapanda juu ya bati na bukta, nikijua mama mkwe yuko sokoni. Hakuwa sokoni. Alikuwa uani anaanika kanga, na aliyekuwa anamsalimia ni balozi wetu wa nyumba kumi.

“Baba Neema, hebu shuka.”

Mama mkwe akageukia ukuta kunisitiri. Mimi nikateremka ngazi kinyumenyume, nikiwa na bukta yangu na aibu yangu, nikakimbilia suruali.

“Watu wanasema umefunga mtambo,” balozi akaanza nilipotoka. “Wengine wanasema ni wa intaneti ya bure, hao wanaomba waunganishwe. Wengine wanasema unapeleleza.”

Nikamkaribisha sebuleni, nikamwonyesha skrini. Vindege vya rangi ya njano vilikuwa vinatambaa juu ya ramani, vingine kuelekea Seronera, kingine kikiizunguka KIA. Akatazama kwa makini.

“Za jeshi zinaonekana?”

“Zikitaka, mzee.”

“Zisipotaka?”

“Hazionekani.”

Balozi akavuta pumzi kama hakimu aliyemaliza kusikiliza ushahidi. “Basi wewe si mpelelezi. Wewe ni msindikizaji.”

Kesi ikawa imekwisha. Mama Neema akaleta chai, tukacheka, tukatoka kumsindikiza mgeni. Ni pale uani balozi alipoinua uso kuangalia bati kwa mara ya mwisho.

“Lakini ule,” akasema, “si mfuniko wa sufuria?”

Jumamosi nilipewa adhabu ya kuchambua mchele wa watu sitini. Mama Neema hakunisemesha. Aliushusha mfuniko mwenyewe, akachungulia kwenye lile tundu, akanitazama kupitia humo kwa jicho moja, akaenda zake. Jioni mama mkwe akanionea huruma, akaja na ungo wa pili, akakaa umbali wa heshima. Tulikuwa hivyo, kimya, alipouweka ungo chini.

“Ya jeshi,” akasema.

Sikusikia kitu. Kwa mazoea nikachungulia kompyuta: waya niliouhamishia dirishani ulikuwa bado unaleta za karibu, lakini ya jeshi haikuwepo. Dakika nzima ikapita kabla helikopta ya kijani iliyoiva haijatokea chini chini, ikakata juu ya migomba na kuelekea Monduli. Skrini haikutikisika.

“Mama, umejuaje?”

Akaendelea kutoa mawe. Mwishoni mwa Machi 1979, akasema, alikuwa binti tu, Mwanza. Vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto, na Gaddafi alikuwa upande wa Idi Amin. Ikaja ndege ya Libya ya kudondosha mabomu, Tupolev, imetumwa kulipua matangi ya mafuta ya mji. Ikayakosa. Bomu likaangukia kisiwani Saanane, kule walikofugwa wanyama, na swala kadhaa wakafa. Tarehe mosi Aprili ndege zetu zikaenda kulipa kisasi Uganda.

“Toka siku ile,” akasema, “tulijifunza kusikiliza. Hatukuwa na televisheni ya kutuambia. Ukisikia ngurumo, unasimama na ndoo yako kichwani, husogei. Mmoja wetu anasikiliza, halafu anasema: hiyo ni yetu. Ndipo mnaendelea na safari. Asiposema, mnatupa ndoo.” Akapepeta ungo. “Mpaka leo nawasikitikia wale swala. Vita havikuwahusu.”

Nikaitazama skrini yangu, inayojua kila ndege iliyokubali kujulikana. Nikaizima, nikamalizia mchele.

Jumapili Neema alipata kipaimara chake, kanisa likajaa vigelegele, wageni wakaja nyumbani. Mfuniko mwingine wa kipimo kile haukupatikana mji mzima, kwa hiyo sufuria ilifunikwa kwa uleule, na tundu likazibwa kwa donge la unga wa chapati. Mchungaji alisimama kubariki chakula. Watu sitini waliinamisha vichwa. Katikati ya sala, mvuke ukachoka kusubiri: donge likafyatuka kwa mlio wa bunduki, likagonga bati, likadondoka miguuni pa balozi. Wageni wakaruka. Mtoto akalia. Mchungaji akafungua macho.

Mama mkwe peke yake hakutikisika. Alikuwa ameinamisha kichwa vilevile, sikio moja juu.

“Hiyo ni yetu,” akasema. “Endelea, mchungaji.”