Diski Iliyoingia Jikoni

Kwetu Dilala, mwanamume akisema, "Nitaigusagusa pikipiki kidogo," mke mwenye akili huficha mabeseni yake mapema. Yangu yalifichwa, yakatafutwa, yakapatikana.

Pikipiki yenyewe ni Boxer, kama nyingi za manseba wanaopakia abiria hapa Kolwezi. Hubeba watoto hadi shuleni, hubeba makala, hubeba gunia la unga wa bukari, na Jumapili hutubeba watatu hadi kanisani. Freni yake ya mbele ilikuwa ya ngoma: ukivuta leva, waya unazungusha kidole cha chuma, kidole kinatanua viatu viwili, viatu vinasugua ukuta wa ndani wa gurudumu. Ya kwetu ilikuwa imefika mahali pa kusimama ikipenda yenyewe.

Jioni moja baba watoto alirudi amenyamaza. Roli la shaba lilikuwa limesimama ghafla mbele yake, naye akalisogelea mpaka akaisoma namba ya nyuma herufi kwa herufi. Shemeji yangu, mdogo wake, hakungoja hata tunawe mikono. "Yaya, ngoma ni ya harusi. Ya kusimamisha pikipiki ni diski."

Hapo shemeji hakusema uongo. Ukikamata freni kwa nguvu, uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi. Tena ngoma ikiingia maji ya mvua, viatu huteleza mpaka vikauke. Diski iko wazi, hujipangusa inapozunguka na hupoa upesi. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua lengalenga, alisikiliza somo lote, kisha akauliza, "Na pesa?" Wote wakanitazama mimi. Pesa za mabati ya jiko zilikuwa chini ya nguo zangu.

Diski ikanunuliwa sokoni, pamoja na kalipa ya kuibana, pampu ya kufunga kwenye usukani na mpira wa kupitishia mafuta. Vilipotandazwa barazani ndipo ikaonekana kwamba gurudumu letu halina pa kufungia diski, maana ngoma yenyewe ndiyo kitovu chake. Kikatafutwa kitovu kingine. Kilipofika, shokapu ikawa haina masikio ya kushikilia kalipa. Zikatafutwa shokapu za pikipiki iliyokufa. Freni ikazaa gurudumu, gurudumu likazaa miguu, na mabati yangu yakaondoka moja baada ya jingine. Mshale wa mwendo nao ukalala kwenye sifuri, kwa kuwa kitovu kipya hakikuwa na meno ya kuuzungusha.

Kazi ilifanyika usiku, baada ya chakula, kwa tochi ya kichwani, nyuma ya ukuta wa jiko. Nyundo ililia hadi usiku wa manane, na huku kwetu sauti hiyo ina maana yake. Hakuna aliyesahau ya Kasulo: mwaka 2014 kobalti ilipoonekana chini ya nyumba, watu walichimba hadi ndani ya vyumba vyao, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, familia zikahamishwa. Basi jirani yetu akaja alfajiri, akasalimia kwa adabu kuliko kawaida, akaomba maji ya kunywa, hatimaye akauliza kwa sauti ya chini tumefika meta ngapi. Shemeji akamwonyesha diski. Hakuridhika. Alisema ukuta ni wetu, hakatai, ila mawe huko chini hayajui mpaka wa mtu.

Ikaja zamu ya kutoa hewa. Mafuta ya freni hayabanwi, ndiyo maana husukuma. Hewa hubanwa, kwa hiyo povu dogo tu likibaki ndani, leva inakuwa laini na pikipiki haisimami. Kijana wetu mkubwa aliwekwa kwenye leva, shemeji kwenye skurubu ya kalipa. "Kamata!" Mafuta yanaruka. "Achia!" Skurubu bado iko wazi, hewa inarudi ndani kwa furaha. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri kutoka kwenye kigoda chake: "Funga kwanza, ndipo mtoto aachie." Leva ikaanza kuwa ngumu. Lakini beseni langu lilikwisha kujaa, na mafuta yale hula rangi: matone yaliyorukia kabati la vyombo yaliuvua mlango rangi yake ya buluu hadi kwenye ubao.

Kisha chupa ikaisha na maduka yamefungwa. Shemeji akachukua mafuta ya injini, akaijaza pampu. "Mafuta ni mafuta," alisema, na baba watoto, aliyekuwa amelemewa na usingizi, akaitikia.

Jumapili tuliondoka vizuri. Njiani pikipiki ikaanza kuwa nzito, kisha harufu ya kuungua, kisha gurudumu la mbele likakaza kabisa karibu na mlango wa kanisa, kwaya nzima ikitazama. Mwendo ulikuwa mdogo, hatukuumia. Kikwembe changu kipya ndicho kilichokula vumbi jekundu, na mtoto akauliza kwa sauti kubwa, "Mama, diski imesimama?"

Ilikuwa imesimama. Fundi mzee tuliyempelekea alifungua pampu, akatuonyesha sili zilivyovimba kwa mafuta ya injini. Zikivimba, mafuta hayapati njia ya kurudi, na kalipa haiachii. Ikabidi zote zitupwe, mpira wa mafuta ubadilishwe, ndani kuoshwe, kisha yatiwe mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko. Ndipo akaomba kuiona ngoma ya zamani. Viatu vilikuwa vimeisha hadi karibu na chuma, waya mkavu na nyuzi zake nusu zimekatika. "Viatu vipya na grisi," alisema, "roli lile mngelisimamia mbali." Kisha akapitisha kidole kwenye mpira wa tairi la mbele, hakukuta hata mfereji mmoja. Akatueleza kwamba freni hushika gurudumu tu. Linaloshika barabara ni tairi.

Leo diski inafanya kazi, nami nakiri inashika kuliko ngoma ilivyowahi kushika. Kwa sababu hiyo fundi alimfundisha baba watoto kuibana polepole kwa vidole viwili, pamoja na freni ya nyuma, hasa juu ya mchanga, kwani gurudumu la mbele likikaza kwenye mchanga, pikipiki inalala. Shemeji amekatazwa kugusa chupa yoyote ya mafuta, hata ya kupikia.

Mama wenzangu, neno diski likitajwa nyumbani kwenu, msigombane na mtu. Ulizeni kwanza: viatu vya sasa vimebaki unene gani, waya ulipakwa grisi lini, na tairi lina mifereji? Majibu yakipatikana na freni bado haishiki, mpeni fundi kazi hiyo, na pesa mumlipe wenyewe mkononi.